Jezi Aliyoifua Placida

Mie si mtu wa kusifu watu. Nikikusifu leo, kesho utaniudhi, na maneno yangu yameshatoka. Lakini Placida nitamsema kwa uzuri, kwa sababu kuna kosa alilifanya ambalo katika London nzima hakuna mwingine angelifanya ila yeye, na jinsi alivyolitengeneza, wallahi, hata leo sijasahau.

Placida ni Mngoni wa Songea, miaka hamsini na miwili, Mkatoliki asiyekosa misa, mpole mpaka anaudhi. Mie ni Faridah wa Mombasa, na upole Mungu hakunijalia. Sote wawili kazi yetu ni kwenye klabu moja ndogo ya mpira huko Edmonton, kaskazini mwa London, ya ligi za chini chini. Wachezaji wake mchana ni mafundi bomba na watu wa maghala, lakini ina mashabiki wake elfu moja na ushei wanaokuja hata inyeshe mvua ya mawe. Yeye hufua jezi. Mie nafagia, na siku ya mechi nauza chai.

Mkuu wake pale kwenye chumba cha kufulia alikuwa Mzee Eddie, Mwingereza wa mtaa ule ule, aliyefiwa na mke zamani na hana mtoto. Alikuwa amefua jezi za timu ile kwa miaka thelathini na minane. Siku ya kwanza kabisa alimwita Placida "mpenzi". Basi Placida akanijia jikoni uso umembadilika, ananinong'oneza kwamba yule mzee amemtongoza mbele ya mashine. Nilicheka nikashika mbavu. Nikamweleza kwamba wazee wa hapa ndivyo wasemavyo, hata dereva wa basi atakuita mpenzi na hakutaki kwa lolote. Akatulia. Miaka minne yote Mzee Eddie hakumwita jina jingine, ni mpenzi leta sabuni, mpenzi funga mlango, na mie nikawa namtania Placida kwamba nitamwambia padri.

Sasa Mzee Eddie alikuwa na sheria moja ya kazi. Kila jezi lazima iwe na namba ndani ya kola, na namba hiyo iwe imeshonwa kwa uzi, si kuandikwa kwa kalamu. Wino ni msaliti, alisema, unaondoka na maji, lakini uzi ukishauingiza kwenye nguo unakaa. Kabla hujafua chochote, tia kidole ndani ya kola uone ni ya nani. Zamani alizishona mwenyewe. Siku alipoona mshono wa Placida, akamkabidhi sindano na hakuidai tena. Maana Placida alifundishwa kudarizi na masista wa misheni, na ukienda kwake utajua tu. Makochi yamevaa vitambaa, televisheni imevaa kitambaa, mpaka kibaniko cha mkate kimevaa kitambaa kimeandikwa Karibu Mgeni.

Mwaka huu, msimu ukielekea mwisho, tukasikia Mzee Eddie anaacha kazi. Macho yamechoka, daktari kasema. Wachezaji wakakubaliana wampe jezi nyeupe ya nyumbani, wote kumi na wanane waitie saini, apewe mbele ya watu katika mechi ya mwisho. Lilikuwa wazo zuri, sikatai, ila mie na Placida hatukuambiwa.

Lakini saini zenyewe! Katika ukumbi mwembamba wa kwenda vyumba vya kubadilishia nguo kuna picha za timu, kila mwaka na yake, na chini ya kila picha wachezaji wametia saini. Ni mie ninayezifuta vumbi, kwa hiyo nazijua kuliko katibu. Za miaka ya sabini unasoma kila jina, la mtu na la babake, herufi zimekaa kwa adabu. Ukifika tisini, jina la kwanza limekatwa, imebaki herufi moja. Mbele kidogo ni herufi na mkia. Na hizi za juzi, subhanallah, utadhani kuku kapita na miguu ya matope. Mzee Eddie aliwahi kuwatetea. Alisema zamani mchezaji alingojwa getini na watoto kumi, akaandika huku anawauliza habari za shule. Siku hizi ni kadi, ni mipira, ni vifuniko vya simu, mamia, na vijana wenyewe kalamu hawaishiki tena, kila kitu ni kidole gumba kwenye simu. Mie nikamjibu kwamba kama jina lako wewe mwenyewe huna haja nalo, mwenzio atalisomaje? Akacheka.

Basi siku moja ya Jumanne wachezaji wakatia saini jezi ile baada ya mazoezi, na nahodha akapewa aipeleke kwa katibu. Nahodha ni Zephaniah Kibet, kijana wa miaka ishirini na minne, wazazi wake ni watu wa Eldoret lakini yeye kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Akaisahau kwenye benchi.

Mzee Eddie siku hiyo alikuwa kliniki ya macho. Placida akapita kukusanya nguo chafu peke yake, akaiokota na ile jezi. Akatia kidole ndani ya kola, kama alivyofundishwa. Hakuna namba. Akaiangalia mbele na nyuma, ina michirizi myeusi kila mahali. Akajiambia hii ni jezi ya ziada, na wale watoto wamejaribia kalamu. Sasa kwao Songea, ukirudi na shati la shule lina wino, utachapwa shuleni na nyumbani utachapwa tena, kwa hiyo mtoto wa kike yeyote alijua dawa. Akaja kwangu jikoni akaomba ndimu na chumvi. Nikampa. Akasugua, wino ukagoma. Akakumbuka ile dawa ya kusafishia mikono iliyobaki tangu enzi za korona, akaimimina, akasugua kwa mswaki, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa saa mbili. Kisha akaniita nije kuona. Jezi nyeupe pepepe. Na mie, mdomo wangu huu, nikamwambia hongera.

Kesho yake, Jumatano, Mzee Eddie bado hajafika, Zephaniah akaja akauliza kama kuna mtu ameona jezi kwenye benchi. Uso wa Placida ukachangamka. Masikini, alidhani kijana kaja kushukuru. Akafungua kabati, akamkabidhi imekunjwa vizuri, inanukia.

Kijana akaigeuza mbele. Akaigeuza nyuma. Akakaa juu ya kapu la soksi chafu. Halafu akaeleza polepole, na mie niko mlangoni na fagio langu, natamani ardhi inimeze pamoja na ndimu zangu.

"Mwanangu," Placida akasema, "yale yalikuwa majina?"

Zephaniah akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa ameipiga picha kwenye simu, akamwonyesha. Placida akavaa miwani, akaomba asomewe, huyu ni nani na huyu ni nani. Kijana akaliona lake karibu na mkono wa jezi. La kipa akalibahatisha. Akaonyesha jingine, akasita, akasema labda. Kati ya kumi na wanane alipata watatu, naye ndiye nahodha wao, anakula nao na kuoga nao.

Akamwambia Placida asilie, hakuna kilichoharibika, kesho wanasaini tena, kazi ya dakika mbili. Alisema kwa wema, mtoto hana roho mbaya. Lakini Placida akajifuta macho kwa aproni, na sauti aliyoitoa mie sikuwahi kuisikia kwake.

"Dakika mbili. Mzee Eddie ametoa matope kwenye nguo zenu miaka thelathini na minane, na ninyi mna dakika mbili. Kesho mtaandika majina. Majina, Zephaniah, ambayo mtu mwenye macho mabovu atayasoma."

Tulipobaki wawili nikamwambia aende kwa katibu akaseme mwenyewe, mficha uchi hazai. Nilikuwa na sababu. Ilikuwa bado haijaamuliwa nani ataachiwa chumba cha kufulia, na habari kama ile ikitangulia kufika kwa mdomo wa mwingine, Placida hana kazi. Akaenda. Katibu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema tutaona baada ya mechi ya mwisho, jibu ambalo si tamu wala si chungu, linakukaa tumboni tu. Nikamuuliza Placida kama haogopi. Akasema kazi Mungu atampa nyingine, lakini Mzee Eddie hataagwa mara mbili.

Alhamisi wachezaji wakaja kuchukua vifaa vya mazoezi kwenye kile kidirisha cha chumba cha kufulia. Mzee Eddie katibu amemwita ofisini, Placida ameitandaza jezi mezani, kalamu pembeni. Mie nimesimama mlangoni. Sheria ya siku hiyo ilikuwa hakuna jina, hakuna soksi. Mmoja akadai mkia wake ule ndio saini yake halali, hata benki wanaujua. Nikamwambia hapa si benki, hapa ni kwa Placida. Wakaandika. Wallahi ilikuwa kichekesho na ilikuwa inatia huruma pia, vijana wenye mapaja kama magogo wameinama wanaandika majina yao ulimi nje. Mwingine alimaliza akaliangalia, akaomba alirudie, eti halijapendeza. Placida akamwambia liache, linasomeka, ni zuri.

Zephaniah akawa wa mwisho. Alishika kalamu muda mrefu. Placida akamuuliza Kibet ni nani, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni babu yake.

"Basi liandike kama amesimama hapa anakutazama," Placida akamwambia.

Akaliandika. Mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, lakini herufi zote zilikuwepo.

Placida alifurahi siku ile. Nami nikafurahi, nikadhani mambo yamekwisha, tunangoja sherehe tu.

Baadaye jioni Placida akawa anarudisha ndoo kwenye chumba cha kufulia. Chumba kile hakina dirisha la nje. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani kuna giza, akawasha taa, akashtuka. Mzee Eddie alikuwemo, amesimama mezani, anapanga jezi. Alikuwa anatia kidole ndani ya kola, anataja namba kwa sauti ndogo, saba, kumi na nne, tatu, na kila moja anaiweka kwenye fungu lake bila kukosea. Uso wake umeelekea ukutani. Taa ilipowaka hakupepesa hata jicho, alisikia tu kitufe. Akacheka kidogo, akasema amesahau kuwasha.

Placida alinisimulia ndani ya basi. Alisema Mzee Eddie haoni. Si kwamba anaona kidogo, haoni, na sijui ni tangu lini anatudanganya sote kwa kidole. Hata tungeandika majina makubwa kama ubaoni, asingeyasoma. Nilimkumbuka yule mzee anavyonipita asubuhi akinisalimia vizuri kabisa, na nikakumbuka kwamba huwa ananisalimia baada ya mimi kukohoa ama kuburuta ndoo. Nililia kwenye basi mbele ya watu. Vituo vitatu mbele Placida akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Uzi, dada Faridah. Nitayashona."

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili, na Jumamosi hii ya kwanza timu ilikuwa ugenini, kwa hiyo tulikuwa na nafasi. Nikaenda kwake asubuhi. Akaibana jezi kwenye duara lake la mbao la kudarizia, akachagua uzi wa buluu, akaanza kufuata mwandiko wa kila mmoja, hakuurekebisha. Aliyeandika upande, alishonwa upande. Aliyeweka herufi kubwa katikati, ilibaki kubwa katikati. Alisema kama ingekuwa ile michirizi ya mwanzo asingejua sindano ianzie wapi wala iishie wapi. Haba na haba, jina baada ya jina, Jumamosi ile na Jumapili baada ya misa. Nilimng'ang'ania anipe nami jina moja. Akanipa la kipa. Nilipomaliza akaliangalia, akaniomba nikaandae chai, na niliporudi nikakuta amelifumua lote analishona upya. Nilinuna mpaka chai ikapoa.

Tulipokuwa tunakunja nikamuuliza jina lake yeye litakaa wapi. Akashangaa kweli. Akasema majina ya jezi ni ya wachezaji, mfuaji hatii saini. Nikanyamaza. Mtu anayenijua miaka minne, akiniona nimenyamaza, angepaswa kushuku.

Ikafika siku. Mapumziko ya mechi ya mwisho, jua limetoka, katibu na kipaza sauti katikati ya uwanja, wachezaji wamejipanga, Mzee Eddie amevaa tai. Placida amesimama kando ya mstari na aproni yake. Mie niko kwenye kibanda changu cha chai hatua chache nyuma yake, kila kitu nakisikia. Katibu akasema maneno yake, akampa jezi. Watu wakapiga makofi, wakingoja aiinue juu wapige picha.

Hakuiinua. Aliilaza juu ya mkono wa kushoto kama alivyozoea kulaza jezi, akapitisha ule wa kulia juu yake, kuangalia tu kama imekauka sawasawa. Mkono ukasimama. Ukarudi. Kidole kikaanza kwenda pole, herufi kwa herufi.

"Zephaniah Kibet," akasema. "Namba kumi."

Kipaza sauti cha katibu kilikuwa bado wazi, uwanja mzima ukasikia. Zephaniah akainama akajifuta uso kwa jezi yake. Kidole kikaendelea, jina na namba, jina na namba, na kila aliyetajwa alijibu "nipo" kama shuleni, bila kuambiwa na mtu. Yule wa benki alipotajwa sauti haikumtoka, akainua mkono tu, na Mzee Eddie angeuonaje. Majina kumi na manane. Muda wa mapumziko ukaisha, refa akaweka filimbi mdomoni, akaitoa. Hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza nikaona mkono wake haujatua. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Akaikamata kola, akatia kidole ndani kutafuta namba.

Hapo mie nikashika birika kwa mikono miwili. Kwa sababu Jumatatu ile, Placida alipokwenda kupokea sabuni, niliitoa jezi kabatini nikachukua sindano. Herufi saba. Nilijidunga mara tatu, na mapumziko yangu yote ya mchana yaliishia hapo, na herufi zilitoka moja inakwenda Kenton na nyingine Wembley, kama mabasi ya London. Lakini zilikuwa zinasomeka, niliziandika kwanza kwa penseli.

Kidole kikapita mara ya kwanza, kikarudi, kikapita tena. Mzee Eddie akageuza uso upande ambao alijua Placida husimama daima, kando ya mstari, karibu na ndoo.

"Placida," akasema.

Miaka minne, mara ya kwanza. Placida akajishika kifua, hakujua hata amejishika. Akamwendea, nikadhani atampa mkono, akamkumbatia yule mzee mbele ya watu elfu moja, Mngoni wa watu, mpole, na padri nisimwambie.

Mzee Eddie alikuwa bado ameshika kola. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwenye yale macho. Akasema majina yote kumi na manane ameyatambua, huo ni mkono wa Placida, angeujua popote. "Lakini hili lako," akasema, "limeshonwa na mtu asiyejua kabisa kushona."

Placida akageuka akanitazama. Nikajifanya nina mteja, nikaendelea kumimina chai kwenye kikombe kilichojaa zamani, ikamwagika mezani mpaka kwenye viatu vyangu.